Kanzu ya Chiriku

Mjane alipofika kuomba kanzu ya Chiriku yenye damu, Mama Madoa alikuwa ndani ya karo, maji magotini, anakanyaga mashuka ya watu. Hakuacha kukanyaga. Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana, ndiyo maana miguu ilizidisha mwendo.

"Shemasi anafika keshokutwa," mjane akasema, amejiziba pua kwa ncha ya mtandio. Msimwone ana maringo. Enzi hizo nguo zilitakatishwa kwa mkojo uliochacha, na uani kwa dobi, hata angekuwa dobi msafi namna gani, hapakuwa mahali pa kuvuta pumzi ndefu. "Anatumwa na askofu aandike orodha ya mashahidi wa imani, wale watakaosomwa kila mwaka mbele ya watu wote. Akiiona kanzu na ile damu, hana la kuuliza zaidi. Asipoiona..."

"Asipoiona ndiyo nini?"

"Mama Madoa, si unayajua maneno ya mji."

Aliyajua, tena kwa moyo. Mji ulisema Chiriku hakufa kwa ajili ya imani. Ulisema alikwisha kufukiza ubani mbele ya sanamu ya mfalme kama waoga wengine, na cheti chake kipo. Kisha kwa domo lake lile akamtukana hakimu, ndipo akakatwa kichwa. Mdomo umeponza kichwa, wakasema, wakacheka hadi wakashika mbavu. Mtu wa namna hiyo hasomwi kwenye orodha yoyote. Anasahauliwa, basi.

"Kanzu ipo?" mjane akauliza.

"Ipo."

"Iko salama?"

"Salama salimini," akasema Mama Madoa, na hapo hakusema uongo hata chembe.

Mjane akaenda zake amefurahi. Mama Madoa akatoka karoni, akajifuta miguu, akaingia chumbani na kufungua sanduku. Kanzu ilikuwa nyeupe pepepe. Haikuwa na damu hata ya mbu.

Ngojeni, msimlaumu kabla sijamaliza. Jina la Mama Madoa hakupewa bure. Mvinyo, mafuta ya taa, wino wa makarani, kutu ya mkufu kwenye kola, yote alikuwa akiyang'oa, na watu walimletea nguo kutoka miji ya mbali ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Sasa siku ile walipopewa mwili wa Chiriku, yeye na mjane na akina mama wengine wakauosha, wakauvika sanda, na ile kanzu Mama Madoa akaikunja kwapani akaenda nayo nyumbani. Hakuwa amelia. Alikuwa na hasira, hasira ya kutetemeka, na hakujua anamkasirikia nani. Akafika uani, akaikunjua, akaona doa. Mikono yake ilikuwa imeng'oa madoa kwa miaka ishirini, haikumsubiri. Damu dawa yake ni maji baridi. Ukiipa moto umeipika, haitoki milele. Akailoweka kwenye maji baridi, akabadilisha maji mara saba, akaipaka udongo mweupe, akaisugua, akaisuuza, akaianika. Ilipokauka ndipo akaitazama, ndipo akaelewa alichokifanya, na ndipo akakaa chini penye matope akalia kama mtoto.

Mwanamke mwingine angeifunga ile kanzu kitambaani na damu yake na kuitunza. Kosa kama lile hulifanya dobi peke yake.

Chiriku mwenyewe alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na kama una wifi huhitaji kuelezwa. Aliolewa akakaa siku arobaini, akarudishwa kwa kaka yake na kifurushi chake. Yule mume alisema mke hana ubaya wowote, ni mwema, ila tangu siku ya harusi hajapata usingizi. Siku ya kwanza tu Chiriku alionja mboga akauliza, "Wifi, kwenu chumvi ilikuwa haijafika?" Mama Madoa akamjibu, "Ilifika, ila wageni walikuwa hawaulizi." Wakaanza hivyo, wakaishi hivyo miaka tisa, karo moja, wanakanyaga wakitazamana, na mji mzima ukijua habari za mji mzima kwa sababu ya Chiriku. Ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unaulizwa habari yake sokoni.

Imani nayo iliingia nyumbani kwa mdomo wake. Alipeleka mashuka kwa mjane, akamkuta anasali na wenzake, akakaa kuuliza maswali hadi alasiri. Aliporudi hakunyamaza tena. Akawahubiria wakati wa kukanyaga, wakati wa kuanika, wakati wa kula. Kaka mtu akabatizwa. Mama Madoa naye akabatizwa, na mwanzoni alikuwa akisema amefanya hivyo ili apate kulala. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kisha Chiriku akaanza kwenda gerezani kuchukua nguo za wafungwa na kuzifua bure. Nguo zenyewe, jamani! Zilikuwa na chawa wa kutosha kuanzisha kijiji. Siku moja Mama Madoa alikuta kanzu ya hakimu na kanzu ya mwizi wa kuku zimelala karo moja, nusura azimie. "Wifi, unataka kutuua!" Chiriku akacheka tu. "Maji hayajalalamika," akasema. "Wewe umesikia yakilalamika?"

Mfalme alipotoa amri yake, kila mtu aende akatupe chembe ya ubani motoni mbele ya sanamu yake, apewe cheti, mume wa Mama Madoa alikwenda kujificha kwa rafiki yake nje ya mji. Mama Madoa akajifungia ndani. Chiriku yeye akabeba nguo safi za wafungwa kama kawaida yake, akafika langoni, askari akamdai cheti. Angeweza kusema amekisahau nyumbani. Akamwambia hana, na kwa nini hana, na kwa nini askari naye asingepaswa kuwa nacho. Maelezo yalikuwa marefu. Akaingizwa ndani na kapu lake.

Hapo ndipo Mama Madoa alipofanya jambo lililomkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Alikwenda kwa karani wa hakimu. Karani alikuwa mteja wao, na kuna mwaka Mama Madoa alimwokolea mkewe gauni la harusi lililomwagikiwa mafuta asubuhi ya harusi yenyewe. Fadhila ile hakuwa ameisahau. Karani akaandika cheti: kwamba huyu mwanamke, dobi, amefukiza ubani mbele yangu. "Aweke alama yake hapa chini," akasema. Sasa nyumba ile hakuna aliyejua kuandika. Walikuwa na alama moja, duara na mistari miwili ndani yake, ile waliyoishona kwenye pindo la kila nguo ili zisipotee. Alama hiyo ilikuwa ya wote. Mama Madoa akachukua kalamu akaichora mwenyewe, kama anavyoishona siku zote.

Ni watu wawili tu waliojua jambo hilo, yeye na mumewe, maana karani alihamishwa. Na yaliyotokea mbele ya hakimu hakumsimulia hata mume. Kanisa lilikuwa na sheria yake, na kila mtu aliijua: aliyefukiza, na aliyetengeneza cheti bila kufukiza, wote huwekwa nje ya mlango. Hawaketi na wenzao, hawali mkate pamoja nao, wanasimama uani kwa miaka wakisikiliza kupitia ukuta. Mfalme yule akafa, amri ikafutwa, watu wakarudi kukutana sebuleni kwa mjane, na Mama Madoa akaketi ndani kati yao, mstari wa mbele, kwa kuwa alikuwa wifi wa Chiriku.

Jioni ya siku ile aliyokuja mjane, mumewe alisikia habari ya shemasi. Kesho yake asubuhi akatoka, akarudi na bakuli limefunikwa jani. Akaliweka juu ya jiwe la kupigia nguo.

"Nini hiyo?"

"Damu ya mbuzi. Nimeipata buchani."

Mama Madoa akafunua jani, akafunika tena.

"Nisikilize kwanza, mke wangu," mume akasema. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mikono mikubwa. "Wote waliiona ile damu. Hatuongezi kitu ambacho hakikuwepo. Tunarudisha tu. Shemasi akiona damu hataulizia cheti. Asipouliza cheti, dada yangu anaandikwa, na wewe unabaki ndani. Nani anaumia?"

"Kwanza itakuwa nyekundu," Mama Madoa akasema. "Damu ya mwaka mzima ni ya kahawia."

"Wewe unajua kuizeesha. Unajua kuliko mtu yeyote."

Kweli, alijua. Hilo ndilo lililomuuma. Mara moja tu, kichwani mwake, aliifanya kazi yote: siki kidogo, jua la mchana mmoja, majivu pembezoni ili doa lisionekane jipya. Ingetoka vizuri kiasi kwamba hata mjane, aliyeishika kanzu ile kwa mikono yake, angeapa ndiyo yenyewe. Na dada wa mumewe angesomwa milele na milele, na yeye angeketi mstari wa mbele hadi kufa kwake, na watu wangebusu damu ya mbuzi.

Akalichukua bakuli akalimwaga mferejini.

"Mke wangu!"

"Wifi yangu alikatwa kichwa kwa kuukataa uongo nilioutengeneza mimi," akasema. "Mimi, kwa mkono huu. Sasa unataka nimtengenezee wa pili, nimvike kaburini?"

"Watakuweka nje."

"Wataniweka."

"Watu watakutemea mate."

"Watatema. Mate yanafuliwa." Akaanza kusuuza bakuli kwa nguvu, kama lilikuwa limemkosea. "Kesho nakwenda kusema. Liwalo na liwe. Ukitaka twende wote, ukitaka kaa hapa uanike mashuka."

Mume akakaa juu ya jiwe, akajifuta uso kwa kiganja. "Nimempoteza dada," akasema. "Sitaki mlango uwe kati yangu na wewe." Mama Madoa alimhurumia kwa moyo wake wote. Akamwekea mkono begani. Lakini hakubadilisha neno.

Siku ya pili sebule ya mjane ilijaa hadi madirishani. Shemasi alikuwa mwembamba, ana mafua ya safari, leso mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Aliandika polepole, akauliza polepole, na hakutabasamu. Alipomaliza habari za mwalimu mzee aliyefia gerezani, akasema, "Sasa huyu mwanamke dobi. Nimeambiwa kuna vazi."

Mjane akamwashiria Mama Madoa kwa macho, uso unang'aa. Mama Madoa akasimama, akaikunjua kanzu mbele ya watu wote.

Mjane akashika kichwa. "Mama Madoa! Damu iko wapi?"

"Nimeifua."

"Umeifua?" Shemasi aliinua macho kutoka kwenye maandishi yake.

"Mimi ni dobi, baba shemasi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akazibwa mdomo na mkewe. Mama Madoa akaeleza yote, maji baridi, udongo mweupe, mara saba. "Sikukusudia," akasema. "Nilikuwa na uchungu, na mikono yangu haijui kufanya kitu kingine nikiwa na uchungu. Ningekuwa na damu ile ningekupa. Sina. Hii ndiyo kanzu yake, na pindo lina alama yetu, basi."

Shemasi akapenga kamasi. Alionekana amechoka kuliko alivyokasirika. Akatoa karatasi kwenye mkoba wake. "Basi tunabaki na hii," akasema. "Nimeipata kwenye masanduku ya hakimu aliyepita. Inasema mwanamke huyo alifukiza ubani. Siwezi kumwandika pamoja na mashahidi mtu aliyefukiza, hata kama aliuawa baadaye kwa jambo jingine. Na chini ameweka alama." Akainyoosha juu ili wote waone. Duara, mistari miwili. Kisha akaichukua kanzu, akageuza pindo. Duara, mistari miwili. "Ni ile ile."

Hapakuwa na mtu sebuleni asiyeijua alama hiyo, kila mmoja aliivaa mwilini. Watu wakainamisha vichwa. Mama Madoa alihisi mumewe akimvuta nguo kwa nyuma, kidogo tu, kama mtu anayeomba. Akapiga moyo konde.

"Alama ni ya nyumba," akasema. "Mkono ni wangu."

"Sema tena."

"Chiriku hakuiona karatasi hiyo hadi siku iliposomwa. Nilikwenda kwa karani mimi. Nilimwomba mimi. Alama nimechora mimi. Kama kuna mtu wa kuwekwa nje kwa cheti hicho, ni mimi, na mwaka mzima nimeketi mbele yenu hapa nikila mkate wenu."

Mjane akasema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ya chini. Shemasi aliweka kalamu. "Na mbele ya hakimu? Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilimletea ushungi wa kurudi nao nyumbani." Sauti ya Mama Madoa ilianza kutetemeka, akaikaripia moyoni, ikatulia. "Karani akasoma: huyu amefukiza, aende zake. Hakimu alikuwa na njaa, akapunga mkono. Nikamshika wifi yangu, tumebakiza hatua tatu tufike mlangoni. Hatua tatu! Akasimama. Akauliza, 'Nani kafukiza?' Nikamfinya. Nikamnong'oneza, wifi, leo tu, kwa ajili ya kaka yako, nyamaza. Akageuka akasema, 'Mheshimiwa, sijafukiza. Ningefukiza ningejua, pua si ninayo?'"

Watu walicheka, kicheko cha ghafla, maana walimsikia Chiriku mwenyewe ndani ya maneno yale. Wengine walikuwa wanalia wakati huo huo.

"Hakimu akasema, basi fukiza sasa hivi, chembe moja, twende tukale. Hakumtukana, baba. Waliosema alimtukana ni waongo. Alimwambia hivi: 'Mheshimiwa, kanzu zako nazifua mimi, na hujawahi kukuta doa. Usinitake nijitie mwenyewe doa nisiloweza kulitoa.' Hayo ndiyo matusi yake yote. Ndipo hakimu akauliza cheti kimeletwa na nani. Karani akatazama sakafu. Mimi nikakauka. Maana aliyekileta angelala ndani siku hiyo hiyo."

Akawageukia watu wote.

"Jamani, ninyi mnamjua Chiriku. Ni nani kati yenu aliyewahi kumpa siri ikakaa hadi jua kuzama? Alinitazama. Kisha akamwambia hakimu, 'Aliyekileta ananipenda. Zaidi ya hapo sina neno.' Wakampiga makofi. Kimya. Wakampiga kwa fimbo. Kimya. Mtu yule aliyetuchosha masikio miaka tisa! Maisha yake yote aliitunza siri moja tu, nayo ilikuwa yangu. Wakampeleka uani akakatwe kichwa. Na mimi nikatoka kwa mlango mwingine, ushungi mkononi, nikaenda nyumbani. Sikumfuata, baba shemasi. Nilikwenda nyumbani kwa miguu yangu hii."

Mumewe, ambaye alikuwa anayasikia hayo kwa mara ya kwanza, alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake mikubwa, mabega yanatikisika.

Shemasi akamgeukia Mama Madoa. "Unajua maneno haya yatakufanya nini?"

"Najua."

"Miaka mitatu nje ya mlango. Siwezi kupunguza, hata kama ningependa."

"Nimekanyaga makaro miaka ishirini, baba. Kusimama naweza."

Hapo shemasi alikaribia kutabasamu, mafua yakamwokoa, akapiga chafya. Kisha akasema, akiwaambia wote, "Watu wengi wamekuja kwangu na damu. Nimeletewa mifupa, nimeletewa minyororo, nimeletewa damu mbichi ikiitwa ya miaka kumi. Bado sijaletewa mtu aliyejipaka matope mwenyewe ili mwingine aonekane msafi." Akaichukua kalamu, akaichovya, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa wa taratibu, na sebule nzima ilisubiri hadi alipofika mwisho wa mstari. Cheti akakichana vipande viwili. Kanzu akamkabidhi mjane, aitandike juu ya kaburi siku ya ukumbusho, hivyo hivyo ilivyo, nyeupe. Kisha akaonyesha mlango kwa kidole, bila ukali, na Mama Madoa akatoka. Akina mama walimpisha njia. Mmoja aligeuza uso. Mmoja alimgusa kiwiko.

Siku ya ukumbusho ilifika baada ya siku kumi. Asubuhi ilikuwa ya jua kali. Ndani kwa mjane walikuwa wameketi wote, mumewe pamoja nao. Alikuwa amekataa kuingia hadi Mama Madoa alipomsukuma mgongoni. "Ingia! Ni dada yako. Nani atakuwepo kwa niaba yetu?" Yeye akabaki uani na waliotengwa, watu sita wamepangana ukutani: muuza mafuta mzee aliyefukiza kwa woga wa viboko, mama na binti yake, na wengine aliowajua kwa nguo zao kuliko kwa nyuso. Bawabu alikuwa amesimama kizingitini kuangalia taratibu zifuatwe. Taratibu zilikuwa fupi: walio nje husikiliza, hawaitikii.

Shemasi akaanza kusoma. Likasomwa jina la mwalimu mzee, na ndani wakaitikia kwa pamoja, "Utuombee." Likasomwa la askari aliyevua mkanda wake wa jeshi. "Utuombee." Mama Madoa alikuwa amejiapiza tangu alfajiri kwamba hatalia. Alisimama wima, mikono kifuani, kucha zimeingia kwenye nyama ya mkono.

"Dobi wa mji huu," shemasi akasoma, na kusita kidogo, mafua au kitu kingine, "aliyefua nguo za wafungwa, aliyekikataa cheti cha uongo hatua tatu kabla ya mlango, na chini ya fimbo hakumtaja mtu."

"Ni nani huyo?" muuza mafuta akanong'ona.

"Wifi yangu," Mama Madoa akasema. "Wifi yangu huyo. Alikuwa anazikosoa mboga zangu." Na machozi yakamshuka pale pale, akayaacha yashuke. Alikuwa na upweke wa kumkosa Chiriku kwa mwaka mzima na hakuwahi kumwambia mtu. Alimkosa karoni, alimkosa mezani, alikosa hata kelele zake.

Ndani wakaitikia. Sauti zilisikika kupitia ukutani, za chini na za heshima.

"Utuombee!" akapaza Mama Madoa.

Vichwa vya ndani vikageuka. Bawabu akaweka kidole midomoni, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, shhh. Walio nje hawaitikii."

"Utanisamehe, mwanangu," Mama Madoa akasema. "Kwa huyu nilikwisha kunyamaza mara moja, na nikaenda nyumbani." Akavuta pumzi, akapaza sauti tena, kwa nguvu zote za kifua chake, hadi yule muuza mafuta naye akafungua kinywa, na mama, na binti yake, na wote sita pale ukutani wakaitikia pamoja naye.

Ndani palikuwa kimya. Kisha sauti ya shemasi ikasikika ikisoma jina linalofuata. Mama Madoa akajifuta uso kwa kiganja, akarudisha mgongo wake ukutani, na kuendelea kusimama.